Baba Mkwe Niliyemuua kwa Simu

Toleo lililopita mliniacha nyuma ya jiko, kijijini Bujonde, kilio kimeanza katika nyumba kubwa na mimi nina simu mkononi.

Kwa ambaye hakuwa nasi, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mjane. Mume wangu Lugano alifariki akaniachia binti mmoja, Kisa. Ninaishi kwa wakwe zangu. Ukoo ulitaka Kisa apelekwe Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yake Elizabeth, kwa sababu mama yake hana shamba, hana kazi, na darasa la tano hakulimaliza.

Niliomba muda. Baba mkwe akasema nipewe. Nikiweza kumlisha na kumsomesha mtoto kwa jasho langu, abaki na mimi.

Jasho langu ni blogu. Msicheke. Mimi naona haya kuongea. Sokoni huwa nanyooshea kidole kitu ninachotaka. Kwenye simu hakuna anayeniangalia.

Mwanzoni niliandika kila kitu: mpunga, mvua, kokoa, namna ya kupika ndizi. Hakuna aliyesoma. Aliyenifungua macho ni Hezroni, anayeuza majeneza na kukodisha maturubai mjini Kyela.

"Dada, shika kitu kimoja," aliniambia. "Watu wetu wametapakaa Dar, Mbeya, Tunduma. Bei ya kokoa wanaipata popote. Nani amefariki nyumbani, hiyo hawaipati."

Nikaacha mengine yote. Nikaandika misiba tu: nani, kijiji gani, anazikwa lini. Blogu nikaiita Tumefiwa Kyela.

Matangazo yanayojileta yenyewe mtandaoni yalinilipa vijisenti. Hezroni akaniletea wafanyabiashara wa hapahapa: yeye mwenyewe, mwenye basi la kukodi, na wapiga matarumbeta. Tangazo lao nililiweka katikati, chini ya jina la marehemu na juu ya siku ya kuzika, maana msomaji hana njia nyingine ya kupita. Wananilipa kulingana na wasomaji. Na wasomaji humfuata aliyetoa habari wa kwanza.

Huko kutaka kuwa wa kwanza ndiko kulikoniponza.

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Haongei naye na hatamki jina lake. Chakula nampikia mimi, lakini nakiweka chini mbele ya pazia la chumba chake, nakohoa kidogo ajue kimefika, naondoka. Tukikutana njiani naingia migombani na kugeuza uso. Tangu niolewe sijawahi kuuona uso wake.

Kwa hiyo alipoanguka, na mama mkwe Keziya akapiga ule ukelele ambao kila mtu anajua maana yake, sikuweza kuingia kuhakikisha. Nilisikia kilio, nikaandika. Nikaandika na jina lake, Anyelwisye. Hapa gazetini naliandika mara ya pili, na sitaliandika tena.

Sasa tuendelee.

Nilijibanza nyuma ya jiko nikitazama idadi ya wasomaji ikipanda. Nakiri kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa nalia na huku nafurahi. Haijawahi kupanda vile. Mzee anajulikana, wanawe wako kila mji, na kila aliyesoma alimtumia mwenzake. Moyoni nilishamvalisha Kisa sare mpya na viatu.

Ghafla kilio kikakatika.

Kimya. Halafu kikohozi kizito cha mwanaume. Halafu sauti ambayo nimezoea kuisikia kupitia ukutani.

"Mnalia nini? Leteni uji."

Alikuwa amezimia tu.

Niliinua simu nifute taarifa yangu. Haikufunguka. Bando lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nimelimaliza kwa kuangalia wasomaji.

Nikakimbia kuelekea barabarani kununua vocha. Sikufika. Pikipiki ya shemeji Lameck ilisimama mbele yangu. Alitoka mjini kuuza kokoa, na macho yalikuwa mekundu.

"Mama Kisa, baba amefariki saa ngapi?"

"Hajafariki, shemeji."

"Unasemaje?"

"Anakunywa uji."

Alikaa juu ya pikipiki kama mtu aliyesahau namna ya kushuka. Kisha akafungua kiganja. Kulikuwa na noti zilizokunjwakunjwa.

"Hii ni rambirambi," alisema. "Nimepewa pale kwa mnunuzi wa kokoa. Mama mmoja simjui hata jina amenilalia shingoni, amelia mpaka shati limelowa. Niwarudishie vipi? Nipite mlango kwa mlango niseme samahani, hatujafiwa?"

Niliangalia miguu yangu.

"Nani ameandika?"

Nilichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Shemeji, nauliza nani ameandika."

"Ni mimi."

Nyumbani nilidhani mama mkwe angenipiga. Alikuwa amekaa kizingitini na kilemba kimelegea, amechoka kwa kulia. Suala la kifo hakuanza nalo.

"Umeandika jina," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Kusema amekufa, ni makosa. Hata mimi nilidhani amekufa. Lakini jina la baba mkwe wako ulilitoa wapi?"

"Kwenye kadi yake ya kliniki."

"Kwa hiyo ulilitafuta." Alitikisa kichwa polepole. "Ulikaa chini ukalitafuta."

Shemeji Lameck alikuwa ameshampigia kaka yao mkubwa, Davidi, aliyeko Dar es Salaam. Alifungua spika ili wote tusikie.

"Kaka, msisafiri. Baba ni mzima."

"Tumeshalipia basi, Lameck."

"Nakwambia ni mzima. Ilikuwa presha."

"Blogu imeandika amefariki. Jina lake kamili liko pale."

"Blogu ni ya huyu mke wa Lugano. Amekosea."

 Sauti ya Davidi ilibadilika.

"Lameck, usinifanye mtoto. Unataka tuchelewe mpaka mmeshazika na kugawana shamba la kokoa. Kama ni mzima, mpe simu aseme halo."

Shemeji aliingia chumbani akiwa amenyoosha simu mbele kama mtu aliyebeba kaa la moto. Tulimsikia akibembeleza. Baba, sema neno. Baba, ni Davidi. Baba, kohoa basi.

Hakuna sauti iliyotoka.

"Umesikia?" alisema Davidi. "Tangu lini mtu mzima akashindwa kusema halo? Tunaondoka jioni hii."

Akakata.

Shemeji alitoka jasho likimtiririka. "Amenigeuzia mgongo," alimwambia mama yake. "Hana nguvu ya kuongea." Kisha akanigeukia mimi. "Mimi hawaniamini. Wanaamini hiyo takataka yako. Ifute, uandike kwamba ulikosea. Leo hii."

"Sawa, shemeji."

Na ningefuta. Mungu ananiona. Nilinunua vocha, nikaingiza bando, na kabla kidole hakijagusa, Hezroni akapiga.

"Dada, nimeambiwa mzee amefufuka."

"Nafuta sasa hivi."

"Usifute. Sikiliza kwanza. Leo nimepigiwa simu mpaka betri imekwisha. Mwenye basi naye vilevile. Ukifuta, na wasomaji wako wote umewafuta. Andika nyingine juu yake, kwamba amezinduka. Watarudi wasome zote mbili, na tangazo liko kote kuwili."

"Ni baba mkwe wangu, kaka Hezroni."

"Ndiyo maana nasema Mungu amekupendelea. Unataka mtoto wako abaki au hutaki?"

Nilikata simu, lakini maneno yake yalibaki. Nilisimama pale na kidole juu ya kioo. Ndipo mama mkwe akaniita nipeleke uji mwingine.

Niliuweka chini mbele ya pazia. Nikakohoa kidogo. Nikageuka niondoke.

"Aliyeleta uji asiondoke."

Nilisimama. Nyumba ilikuwa tupu. Mama mkwe alikuwa ameshakwenda kisimani na shemeji alikuwa amekwenda kurudisha rambirambi za watu.

"Mimi naongea na ukuta," sauti iliendelea nyuma ya pazia. "Sijasema na mke wa mtu. Lakini kama kuna mtu anasikia, akohoe."

Nilikohoa.

"Ni wewe uliyeniua?"

Nilikohoa tena, mara hii kikohozi kikachanganyika na kilio.

"Usilie. Umeniua vizuri." Alivuta pumzi. "Nimeugua tangu mavuno ya mpunga. Nikawaambia wanangu, njooni mnione. Davidi ana kazi. Mdogo wake Hebroni ana kazi. Elizabeth yuko hapo Karonga tu, pikipiki inafika, naye ana biashara. Kwa mgonjwa hakuna aliyekuja. Leo ukuta umesema nimekufa, wamekodi basi."

Nilishika mdomo nisitoe sauti.

"Hiyo habari usiifute. Waache waje. Nikishawaona wote hapa uani, nitatoka na fimbo yangu, nitawaambia mwenyewe. Na nitasema mbele yao wote kwamba mtoto wa Lugano anabaki kwa mama yake, na kipande cha kokoa cha baba yake ni chake. Hilo nikilisema wakiwa wote, hakuna wa kulibadilisha. Nikilisema kwa Lameck peke yake, litaishia kwa Lameck. Umesikia?"

Nilikohoa.

"Ndaga fijo," alisema. Ahsante sana. Maishani mwangu hakuna mwanaume wa nyumba ile aliyewahi kunishukuru.

Sikufuta.

Shemeji aliporudi akaniuliza. Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua. Simu niliifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni, mahali ambapo shemeji hawezi kutia mkono.

Kesho yake asubuhi Elizabeth aliingia uani akilia kwa sauti, kanga kichwani, ametoka Karonga na kuvuka mpaka wa Kasumulu kwa pikipiki ya kukodi. Alijitupa chini mlangoni. Mama mkwe akamnyanyua.

"Nyamaza, mwanangu. Baba yako amelala humo ndani. Ni mzima."

Elizabeth aliingia, akakaa sana, akatoka. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nilidhani furaha ile ingenifikia na mimi. Alipotua macho kwangu, kicheko kilikauka.

"Wifi," alisema, "mimi nimefunga duka. Nimelia njia nzima mpaka askari wa mpakani ameniruhusu nisipange foleni. Mteja wangu amenichangia ng'ombe. Ng'ombe, wifi. Nimwambie nini?"

"Mwambie ale mwenyewe," alisema mama mkwe, na kwa dakika moja nilidhani tutacheka wote.

Shemeji Lameck hakucheka. Alikuwa amemaliza kuongea na Davidi tena.

"Wako Makambako," alisema. "Basi zima. Wakwe, majirani, kwaya ya kanisani kwao. Jeneza wamelipia kwa Hezroni, linaletwa mchana huu. Jeneza linakuja kwa mtu anayekunywa uji. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama hapo mlangoni." Alinijia karibu. "Mtandao bado unasumbua?"

Niliinamisha kichwa.

"Nimeingia mjini asubuhi. Kila mtu anaisoma. Mtandao wa Kyela nzima unafanya kazi isipokuwa wako. Wewe hutaki kufuta. Unalipwa. Hezroni amejisifu sokoni kwamba unalipwa kwa kila anayesoma. Unamla baba yangu, shemeji."

"Hapana."

"Basi futa."

Sikusogeza mkono. Yeye akamgeukia dada yake.

"Elizabeth, umekuja na pikipiki?"

"Imeniacha. Imerudi."

"Nitakupeleka mimi. Mfungie mtoto nguo zake."

"Kaka, leo? Baba alisema tusubiri."

"Baba alisema apewe muda aonyeshe jasho lake. Si tumeliona? Futa, mama Kisa, au mtoto anavuka sasa hivi. Wakija wale wa basi nitawaambia nilishaanza kusafisha nyumba."

Kisa alitoka jikoni na kipande cha ndizi ya kuchoma. Elizabeth alimfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akaanza kumvalisha sweta. Mtoto aliuliza wanakwenda wapi. Akaambiwa kwa shangazi, kuna mandazi. Akafurahi.

Ningeweza kufuta. Lakini nikifuta, basi linageuza Mbeya, wanawe hawafiki, na yule pekee aliyeahidi kunitetea hatakuwa na watu wa kunitetea mbele yao. Nisipofuta, mtoto anapanda pikipiki.

Nilisema, na hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu ilivyo kubwa.

"Muulizeni baba."

"Tumuulize nini?"

"Yeye ndiye aliyenikataza nisifute. Anaongea. Ana nguvu. Muulizeni."

Wote walinitazama. Mama mkwe alishika kifua.

"Alikukataza wewe?" alisema. "Baba mkwe wako aliongea na wewe? Wapi?"

"Nyuma ya pazia, mama. Nilipopeleka uji."

"Nyamaza. Usiseme hilo neno tena. Utamvunjia heshima mzee wa watu na nywele zake nyeupe."

"Anadanganya," alisema Lameck. "Jana amemuua, leo anamzulia." Akawasha pikipiki. Elizabeth akampandisha Kisa katikati, akapanda nyuma yake.

Sikumbuki nilivyovuka kizingiti. Nakumbuka mama mkwe akinivuta kitenge na mimi nikiendelea kwenda. Nakumbuka pazia, la maua ya bluu, ambalo nimelifua mara nyingi na sijawahi kulifungua. Nilishika kitambaa, nikavuta.

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea mto, fimbo iko mapajani. Uso wake ulikuwa wa Lugano. Hakuna aliyewahi kuniambia. Kipaji cha uso kilekile, na jicho lile la kushoto linalofumba kidogo. Nilimtazama na yeye akanitazama, na tangu niolewe sijafanya jambo baya kuliko lile.

"Baba," nilisema. "Wanamchukua. Waambie ulichoniambia."

Mama mkwe alifika nyuma yangu, anahema. Shemeji alikuwa ameacha pikipiki inanguruma, naye akasimama mlangoni. Elizabeth alikuwa anachungulia kutoka uani. Wote walikuwa wanamngoja mzee.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja.  Aligeuza uso taratibu, mpaka ukaelekea ukutani.

"Keziya," alisema, "nani amemruhusu mke wa Lugano aingie humu? Mimi sijawahi kusema naye neno."

Mbele ya wanawe hakuweza kukiri kwamba aliongea na mkamwana. 

"Umesikia mwenyewe," alisema shemeji. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga geti.

Alirudi nje, nami nikamfuata, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumfuata. Kisa alikuwa juu ya tangi la mafuta sasa, amehamishiwa mbele, mikono yake midogo imeshika usukani. Alinipungia. Shemeji alikaa nyuma yake, akaweka gia. Kisha akasita, akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu.

"Mimi si mnyama," alisema. "Lete simu na hilo neno lako la siri. Nikishafuta kwa mkono wangu, namshusha mtoto hapohapo. Mama yangu ni shahidi."

Nilifungua pindo la kitenge. Simu ilikuwa ya moto. Niliishika, nikapiga hatua kumwendea.

Dirisha la chumba cha mzee lilikuwa nyuma ya bega langu. Na kutoka humo, chini kabisa, sauti ambayo ngurumo ya pikipiki iliwafichia wengine wote, nilisikia neno moja.

"Usimpe."

Mkono wa shemeji ulikuwa bado umenyooshwa. Kisa alikuwa bado ananipungia.